Mtoto Mtukutu na Ndugu Aliyenyamaza: Majeraha ya Nafsi katika Fasihi ya Eneo la Mlima Kenya

Utangulizi

Fasihi iliyozaliwa na vita vya Mau Mau imehakikiwa kwa mapana tangu miaka ya sitini. Wahakiki wamejadili ardhi, viapo, usaliti, ushujaa na nafasi ya mwanamke katika vita hivyo. Mtoto naye ametajwa, ila kwa kupitiwa tu. Aghalabu amechukuliwa kuwa ishara ya taifa changa, ya kizazi kijacho au ya matumaini ya kesho. Ni nadra kumkuta mhakiki akiuliza mtoto huyo analala vipi usiku, kwa nini anawapiga wenzake, au kwa nini ameacha kusema.

Makala haya yanakusudia kuchunguza swali hilo kwa kutumia kazi chache zinazohusu Nyeri na miji inayouzunguka Mlima Kenya, pamoja na kazi nyingine mbili za kulinganishia. Hoja kuu ni kwamba kazi hizi zimemchora mtoto aliyejeruhiwa nafsi kwa uwazi zaidi kuliko uhakiki wake ulivyokiri. Aidha, zimeonyesha kwamba jeraha hilo halimkai mtoto mmoja peke yake. Humgawanyikia yeye na nduguye. Mmoja hulitoa nje kwa ugomvi, wizi, utoro au ukatili. Mwingine hulimeza, likageuka kuwa woga, huzuni ya muda mrefu na kujitenga. Wa kwanza huitwa mtukutu, akaadhibiwa. Wa pili huitwa mtoto mwema, akasahauliwa. Uhakiki nao, kama wazazi na walimu wengi, umemsikia zaidi yule anayepiga kelele.

Kiswahili kina methali isemayo: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kikapu ukavune. Methali hii huchukulia kwamba ugomvi wa ndugu ni wao wenyewe na kwamba mwisho wake ni kupatana. Katika matini zinazojadiliwa hapa mambo si mepesi hivyo, kwa sababu ugomvi wenyewe umeletwa na nguvu zilizo nje ya nyumba, na anayetazamiwa kuvuna hakubakiwa na shamba.

Usuli wa Kihistoria na wa Kinadharia

Hali ya hatari ilitangazwa nchini Kenya tarehe 20 Oktoba 1952. Kuanzia mwaka 1954 serikali ya kikoloni iliwahamisha Wakikuyu, Waembu na Wameru kwa nguvu kutoka katika maboma yao yaliyotawanyika, ikawakusanya katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki na miba. Zaidi ya watu milioni moja walihamishwa hivyo. Kwa kuwa wanaume wengi walikuwa msituni, vizuizini au katika jeshi la walinzi wa nyumbani, vijiji hivyo vilikuwa vya akina mama, wazee na watoto. Palikuwa na amri ya kutotoka nje, kazi za lazima na njaa. Mara nyingi mtoto aliona baba akichukuliwa, nyumba ikichomwa, na kaka yake mmoja akiwa upande huu na mwingine upande ule.

Serikali ililiona tatizo la mtoto huyo kwa jicho lake. Mwaka 1955 ilifungua kambi ya vijana huko Wamumu, katika eneo la Mwea ambalo leo limo katika Kaunti ya Kirinyaga, ili kuwarekebisha wavulana waliokamatwa kwa kuhusishwa na Mau Mau. Wamumu ilisifiwa kuliko kambi za watu wazima, maana ilitoa masomo, ufundi na michezo. Hata hivyo, msingi wake ulikuwa kwamba kasoro imo ndani ya mvulana na kwamba akinyoshwa atakuwa raia mwema. Mtazamo huo haukufa pamoja na ukoloni. Wamumu na Othaya ni miongoni mwa shule zilizoendelea kuitwa shule za kurekebisha tabia baada ya uhuru.

Upande wa nadharia, mwaka 1954 serikali hiyo ilichapisha ripoti ya J. C. Carothers, daktari wa magonjwa ya akili aliyewahi kuisimamia hospitali ya Mathari jijini Nairobi, kuhusu saikolojia ya Mau Mau. Carothers aliyaeleza mapambano hayo kuwa zao la akili iliyoyumba kati ya mila na usasa. Dai la ardhi likageuzwa kuwa dalili ya ugonjwa. Hapana shaka kwamba ripoti hiyo ndiyo mojawapo ya sababu za wahakiki wa baada ya uhuru kuikwepa saikolojia. Waliogopa, tena kwa haki, kwamba kuzungumzia nafsi iliyojeruhiwa ni kumrudishia mkoloni silaha yake.

Lakini palikuwa na njia nyingine. Frantz Fanon, katika kitabu kilichotafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Viumbe Waliolaaniwa, alitenga sura nzima kwa matatizo ya akili yaliyoletwa na vita vya Algeria. Humo mna watoto wa kambi za wakimbizi walio chini ya miaka 10, ambao hushtushwa na kelele, hutembea usingizini na hukojoa kitandani. Mna pia wavulana wawili, wa miaka 13 na 14, waliomwua rafiki yao wa Kizungu ambaye walizoea kucheza naye. Hawakuwa na ugomvi naye. Walimchagua kwa kuwa alikuwa wa rika lao na aliwaamini. Mtu mzima wasingemweza. Fanon hawaoni watoto hao kama wahalifu wa kuzaliwa, wala hawafanyi ishara tupu za taifa. Anaisoma historia katika mwili na usingizi wa mtoto. Uchambuzi unaofuata unaifuata njia hiyo.

Mvulana na Msichana wa Mitaa ya Nyeri

Tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Githae Mugo, The Trial of Dedan Kimathi (1976), ilitafsiriwa kwa Kiswahili na Raphael Kahaso kwa jina la Mzalendo Kimathi. Mugo mwenyewe alikuwa mzaliwa wa Baricho, Kirinyaga. Tamthilia inahusu kesi iliyosikilizwa Nyeri mwezi Novemba 1956 na kuishia kwa Kimathi kunyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Pamoja na ukubwa wa mada hiyo, sehemu kubwa ya kitendo cha tamthilia imebebwa na watoto wawili wasio na majina: mvulana na msichana wanaorandaranda mitaani.

Mara ya kwanza wanapoonekana, mvulana anamkimbiza msichana kwa sababu ya pesa kidogo walizozipata kwa mtalii. Anampiga kwa ukali usiolingana na kiasi kinachogombewa. Mwanamke, mjumbe wa wapiganaji, anaingilia kati. Usomaji uliozoeleka unasema kwamba hapa wananchi wanaonekana wakigombea makombo ya mkoloni, na kwamba mwanamke ni sauti ya umoja. Usomaji huo ni sahihi. Ila unaacha nje kile ambacho matini imekitilia mkazo, yaani historia ya kila mtoto. Mvulana hana mzazi wala mahali pa kwenda. Maisha ya msichana yamekuwa ya kukimbia bila kupumzika, huku wanaume wakimwandama. Ugomvi wao ni ugomvi wa watoto wanaofahamu kuwa hakuna mtu mzima atakayewapa sehemu yao. Kwa mtoto wa namna hiyo, senti inayochukuliwa na mwenziwe ni ushahidi mwingine kwamba yeye hahesabiwi.

Ingawa watoto hawa hawakuzaliwa tumbo moja, tamthilia inawafanya ndugu. Wana njaa moja na barabara moja, na wivu walio nao ni ule wa watoto wa mama mmoja. Ndiyo maana ni muhimu kuangalia jinsi kila mmoja anavyobadilika, maana njia zao hazifanani. Mvulana anabadilishwa na mwanamke, ambaye anamkemea, anamhoji kuhusu maisha yake, kisha anampa kitu cha kubeba. Mkate ule wenye bunduki ndani ni amana ya kwanza aliyowahi kukabidhiwa. Kisaikolojia, tukio hili limebuniwa kwa ustadi, kwani mtoto aliyezoea kushukiwa anatulizwa na kuaminiwa. Msichana, kwa upande wake, hapati mlezi wa kumhoji. Anabadilika siku anapokataa kukimbia tena, akageuka na kumkabili mvulana. Kwake, ule mwenendo ambao mwalimu angeuita utundu ndio mwanzo wa kupona.

Hapa ndipo tamthilia inapoacha pengo. Mabadiliko yanakuja kwa haraka mno. Katika tukio la mwisho watoto hao wamo mahakamani wakiwa na bunduki, na jukwaa linafunikwa na wimbo wa ukombozi. Je, jeraha limepona au limeelekezwa kwingine? Mkono uliokuwa ukimpiga msichana sasa unashika silaha, na mtazamaji anashangilia. Haifai kuwalaumu watunzi kwa hili. Wameandika tamthilia ya kuzindua umma, na tamthilia ya aina hiyo haina wajibu wa kumfuata mtoto mpaka kitandani. Wajibu huo ni wa mhakiki, naye kwa kawaida ameufunga mjadala pale wimbo unapoanza.

Wambararia: Mdogo wa Mtu Mkubwa

Tamthilia hiyohiyo ina ndugu wengine, mara hii wa damu. Miongoni mwa wasaliti wanaoletwa mbele ya Kimathi huko msituni yumo Wambararia, mdogo wake. Kimathi anasitasita kutekeleza hukumu, wasaliti wanatoroka, na huruma hiyo inachangia anguko lake. Wahakiki wameliita jambo hili dosari ya shujaa, yaani kuweka damu mbele ya mapambano.

Neno "dosari" halitoshi. Katika Kikuyu, ndugu wa mama mmoja huitwa mũrũ wa maitũ, mwana wa mama yangu, na wa baba mmoja huitwa mũrũ wa baba. Mfumo huo wa majina unampa kaka mkubwa dhamana ya mzazi, hasa pale baba asipokuwapo. Kimathi anapomtazama Wambararia, anamwona msaliti na mtoto aliyelelewa mbele ya macho yake, wote wawili katika umbo moja. Hukumu yake inakwama katikati ya majukumu mawili yenye uzito sawa.

Upande wa pili, tamthilia inajishughulisha zaidi na kosa la Wambararia kuliko safari iliyomfikisha hapo. Kuwa mdogo wa mtu ambaye jina lake linatajwa nchi nzima ni mzigo wa aina yake. Mdogo huyo anawindwa kwa sababu ya kaka, anapimwa kwa kaka, na hana jina lake mwenyewe. Matini inatoa nafasi ya kuuona mzigo huo kwa kumtaja kuwa ni ndugu, kisha inaifunga nafasi hiyo kwa kumfanya mmoja wa kundi. Msomaji wa leo anaweza kuifungua tena bila kumtakasa Wambararia. Kuelewa chanzo cha usaliti hakuufuti usaliti.

Kariuki na Hari: Kicheko cha Mtoto wa Nanyuki

Meja Mwangi alizaliwa Nanyuki mwaka 1948, na utoto wake uliangukia katika miaka ya hali ya hatari. Riwaya yake kwa wasomaji wachanga, Little White Man (1990), ambayo baadaye ilichapishwa upya kwa jina la The Mzungu Boy, inarudi katika mandhari hayo. Tafsiri yake ya Kijerumani ilipata tuzo ya fasihi ya watoto na vijana ya nchi hiyo mwaka 1992. Msimulizi ni Kariuki, mtoto wa mpishi katika shamba la mlowezi aitwaye Bwana Ruin. Anafanya urafiki na Nigel, mjukuu wa mlowezi huyo, nao wanaingia msituni kuwinda pamoja. Kaka yake Kariuki, Hari, ni mmoja wa wapiganaji kwa siri.

Usimulizi wa nafsi ya kwanza unampa Kariuki sauti nyepesi yenye mzaha mwingi. Anasimulia viboko vya nyumbani na vya shuleni, vitisho vya mlowezi na misako ya askari kana kwamba ni hali ya hewa. Kwa sababu hiyo riwaya imewekwa katika fungu la visa vya kusisimua vya watoto, na wachache wamejiuliza mzaha huo unafanya kazi gani. Mtoto anayechekesha mbele ya mateso ya kila siku anajilinda. Kicheko cha Kariuki kinamwezesha kuishi katika nyumba ambamo baba anamtumikia mlowezi, kaka anampiga vita mlowezi huyohuyo, na yeye mwenyewe anampenda mjukuu wake. Hakuna mtu mzima anayemweleza jinsi ya kuyabeba mapenzi hayo matatu kwa wakati mmoja.

Ulinganisho na kisa cha Fanon ni wa lazima. Mazingira ni yale yale: watoto wa mtawaliwa na mtoto wa mtawala, urafiki, upweke wa porini, na vita vya watu wazima vinavyowazunguka. Huko Algeria urafiki uliishia kwa kisu. Mwangi anabuni mwisho mwingine, ambapo urafiki unaokolewa lakini nduguye mtoto anapotea. Hari anakufa mikononi mwa askari, na Kariuki anabaki akijua kwamba uhai wa rafiki na kifo cha kaka vimefungamana katika tukio moja. Hiyo ndiyo hali ambayo wataalamu huiita hatia ya aliyesalimika. Riwaya haiitaji kwa jina wala haiifuati baadaye. Sauti ya mzaha inakatika, nacho kitabu kinakwisha. Kukatika huko ndiko kunakosema zaidi, kwani msomaji aliyezoea kucheka na Kariuki anajikuta ghafla hana cha kucheka.

Njoroge: Mtoto Mwema

Weep Not, Child (1964) ya Ngũgĩ, ijulikanayo kwa Kiswahili kama Usilie Mpenzi Wangu, haikutungwa juu ya Nyeri. Mandhari yake yako kusini zaidi, katika nchi ya mwandishi mwenyewe. Inaingizwa hapa kwa kuwa ndiyo matini inayoonyesha kwa ukamilifu kuliko nyingine yule ndugu wa pili, anayemeza jeraha lake. Itakumbukwa pia kwamba Ngũgĩ, aliyefariki mwaka 2025, alikuwa na kaka aliyeingia msituni na kaka mwingine, kiziwi, aliyeuawa kwa risasi kwa kuwa hakuisikia amri ya kusimama.

Ngotho ana wake wawili. Njeri ndiye mama wa Boro, Kori na Kamau. Nyokabi ndiye mama wa Njoroge na wa Mwangi, ambaye alikufa katika Vita Vikuu vya Pili. Boro, aliyekuwa pamoja na Mwangi katika vita hivyo, anarudi akiwa mtu mwingine. Hasemi na watu, anamdharau baba yake, anakunywa, na hatimaye anaingia msituni ambako kuua kunakuwa ndiyo kazi pekee yenye maana kwake. Wahakiki wamemchambua Boro vizuri kama askari aliyerudi bila ardhi wala kazi. Lakini kuna jambo ambalo limepita bila kuangaliwa. Mwangi ni mũrũ wa baba kwa Boro. Kwa Njoroge ni mũrũ wa maitũ. Kwa desturi ya nyumba hiyo, aliyefiwa kwa karibu zaidi ni Njoroge, na riwaya haimpi nafasi ya kumlilia kaka yake. Maombolezo yote ya Mwangi yamehamishiwa kwa Boro.

Njoroge anapewa nini badala yake? Anapewa shule. Nyokabi, aliyepoteza mwana mmoja, anayaweka matarajio yake yote juu ya yule aliyebaki. Kamau anabaki kwa fundi seremala ili mdogo wake asome. Hata Boro na Kori wanachangia karo. Kila mtu katika boma hilo amemkabidhi kitinda mimba huyu sehemu ya maisha yake ambayo yeye mwenyewe hataiishi. Njoroge anaupokea mzigo huo kwa utii wa ajabu. Hagombani wala hakaidi. Anaota kuwa mwokozi wa familia na hata wa nchi. Katika shule yoyote angetajwa kuwa mfano wa kuigwa.

Anguko linapokuja, linakuja kwa mtu asiye na akiba yoyote. Anatolewa Siriana, anateswa, baba anakufa kutokana na mateso, kaka zake wanafungwa, naye Mwihaki anakataa kutoroka naye. Njoroge anajaribu kujinyonga, akazuiwa na sauti ya mama yake anayemtafuta usiku. Tukio hili kwa kawaida husomwa kama kuporomoka kwa imani katika elimu ya kikoloni. Ni kweli. Lakini mporomoko huo ulikuwa umeandaliwa tangu sura za mwanzo, na mwandishi ameziacha dalili wazi: woga wa kutengwa, njozi za ukuu zinazoongezeka kadiri hali inavyozidi kuwa mbaya, na kukosa hata siku moja ya hasira. Mtoto ambaye hakuruhusiwa kukasirika na mtu yeyote alijikuta, mwishowe, hana wa kumkasirikia isipokuwa yeye mwenyewe.

Ustadi wa Ngũgĩ unaonekana pia katika kumwumbia Njoroge mwenziwe upande wa pili wa ua. Stephen, mwana wa mlowezi Howlands, naye ni mtoto aliyebaki baada ya kaka yake, Peter, kufa katika vita vilevile vilivyomwua Mwangi. Wavulana hawa wanapokutana Siriana wanagundua kwamba waliwahi kutaka kusemezana na wakaogopa. Watoto wawili wanaoishi katika kivuli cha kaka waliokufa wamesimama karibu, na kila mmoja amezuiwa na hofu aliyorithi kwa watu wazima. Hakuna sehemu nyingine katika riwaya hiyo iliyo fupi kiasi hicho na inayoeleza mengi kiasi hicho.

Nderitu Anauliza

Ingekuwa kosa kuonyesha undugu kama njia ya kupitishia maumivu pekee. Katika kumbukumbu zake Unbowed (2006), Wangari Maathai, aliyezaliwa Ihithe, Nyeri, mwaka 1940, anaeleza jinsi alivyopata kwenda shule. Kaka yake Nderitu alimwuliza mama yao kwa nini Wangari haendi shule kama wao. Mama akafikiri, akakubali. Maisha yote yaliyofuata, pamoja na Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka 2004, yalipita katika mlango uliofunguliwa na swali la mtoto kuhusu mtoto mwenziwe.

Kitabu hicho kinaonyesha pia gharama ya mlango huo. Akiwa katika shule ya bweni ya misheni ya Mathari, Nyeri, Wangari alikingwa na misukosuko iliyomkuta mama yake kijijini. Alifundishwa vilevile kuwaona wapiganaji kwa macho ya serikali. Kwa hiyo watoto wa nyumba moja walikua wakiwa na vita viwili tofauti vichwani mwao. Maathai anaandika akiwa mtu mzima aliyekwisha kuyapima hayo, na utulivu wa usimulizi wake unatokana na kipimo hicho. Tofauti kati yake na Kariuki ni kwamba msimulizi wa Mwangi angali ndani ya tukio.

Ulinganisho: Sauna katika Chozi la Heri

Kazi zilizojadiliwa zinaandamana na hali ya hatari. Swali linazuka iwapo riwaya ya Kiswahili ya karne hii imepiga hatua katika kumchora mtoto huyu. Chozi la Heri (2014) ya Assumpta K. Matei inatoa jibu la kutia moyo. Umulkheri, Dick na Mwaliko ni ndugu watatu walioachwa na mama, kisha wakafiwa na baba. Mtumishi wa nyumbani, Sauna, anawaiba wavulana wawili, na Dick anaingizwa katika biashara ya dawa za kulevya. Umulkheri, aliye mkubwa, anabaki na jukumu la mzazi ambalo hakulichagua na uchungu wa kutowalinda wadogo zake.

La muhimu zaidi kwa mjadala huu ni jinsi Matei anavyomshughulikia mhalifu. Sauna anarudishiwa utoto wake: alinajisiwa na baba wa kambo, na mama yake akaificha aibu badala ya kumtetea bintiye. Uovu wake hausamehewi, naye anaangukia mikononi mwa sheria. Hata hivyo, msomaji anamfahamu kama mtoto aliyekosa mtu wa kumwuliza. Wambararia hakupewa fursa hiyo mwaka 1976. Kwa upande mwingine, riwaya ya Matei inawakutanisha ndugu hao watatu kwa sadfa ya furaha katika sherehe ya siku ya kuzaliwa, na hapo inarudia haraka ileile ya Mzalendo Kimathi. Katika tamthilia wimbo unafunika jeraha. Katika riwaya machozi ya heri yanalifunika. Mtunzi wa Kiafrika Mashariki bado anaona taabu kumwacha mtoto akiwa hajapona.

Pingamizi na Majibu

Huenda msomaji akapinga kwamba usomaji huu unazirudisha kazi za kimapinduzi kwenye uwanja wa mtu binafsi, na kwamba unamrudisha Carothers kwa mlango wa nyuma. Pingamizi hilo ni zito. Jibu lake limo katika matini zenyewe. Carothers aliutumia ugonjwa kuifuta siasa. Fanon, Ngũgĩ, Mugo na Mwangi wanauonyesha ugonjwa ukiwa mojawapo ya matokeo ya siasa. Kukiri kwamba mvulana wa Nyeri amejeruhiwa nafsi hakupunguzi uhalali wa vita vya ardhi. Kunaongeza orodha ya madeni ambayo ukoloni haukuyalipa. Kinyume chake, kumfanya mtoto kuwa ishara tupu ni kumtumia mara ya pili, baada ya watu wazima wa pande zote kwisha kumtumia mara ya kwanza.

Pingamizi la pili linahusu istilahi. Inaweza kudaiwa kuwa dhana ya matatizo ya hisia na mienendo imetoka katika kliniki za Ulaya na Marekani na kwamba haiwahusu Wakikuyu wa miaka ya hamsini. Hapa pana ukweli fulani, na ndiyo sababu uchambuzi huu umeegemea majina ya undugu, nafasi ya kitinda mimba na dhamana ya kaka mkubwa kuliko istilahi za kitabibu. Jina la ugonjwa laweza kuwa geni. Usiku wa Njoroge chini ya mti si mgeni.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba katika fasihi ya eneo la Mlima Kenya jeraha la mtoto hugawanywa kati ya ndugu wawili, mmoja mwenye kelele na mwingine mwenye kimya, na kwamba uhakiki umemshughulikia wa kwanza kama ishara na kumwacha wa pili. Imeonekana pia kwamba watunzi hutofautiana katika mbinu. Tamthilia inalieleza jeraha kwa kitendo, riwaya ya Mwangi kwa mzaha unaokatika, riwaya ya Ngũgĩ kwa utii uliozidi, na kumbukumbu za Maathai kwa utulivu wa aliyekwisha kupima. Udhaifu wanaoshirikiana baadhi yao ni haraka ya kuponya.

Suala hili halikomei kwenye kurasa za vitabu. Wengi wa wanaosomea uhakiki katika idara za Kiswahili huishia kuwa walimu wa shule za upili, nazo tamthilia na riwaya ni miongoni mwa wanayofundisha. Mwezi Mei 1999, katika Shule ya Upili ya Nyeri, viranja wanne waliuawa kwa kuchomwa moto na wanafunzi wenzao wakiwa wamelala. Mjadala uliofuata nchini ulihusu nidhamu, viboko na ulinzi wa mabweni. Kulikuwa na watoto wengine mamia katika shule hiyo ambao hawakuwasha moto wala hawakuchomwa. Walirudi nyumbani kwa ndugu zao na yale waliyoyaona. Mwalimu aliyefundishwa kumsoma mvulana wa Mzalendo Kimathi kama ishara peke yake ataona darasani watukutu na wema. Aliyefundishwa kuuliza kwa nini Njoroge hakuwahi kukasirika atawatazama wale wa kundi la pili kwa muda mrefu zaidi.

Utafiti zaidi unahitajika, hususan juu ya maandishi ya Kikuyu yaliyotolewa na Gakaara wa Wanjau katika matbaa yake huko Karatina, na juu ya hadithi za watoto za Kiswahili zilizochapishwa tangu miaka ya tisini. Pindi utafiti huo utakapofanywa, ingefaa uanze na orodha ya watoto wanaotajwa katika kila kazi bila kupewa sauti. Kwa Mzalendo Kimathi, mvulana na msichana wangewekwa mwanzoni mwa orodha hiyo, maana hata majina hawakupewa.